Unywele ni keratini tu: sayansi dhidi ya hofu



Katika nyumba nyingi tulikolelewa, mtu akimaliza kunyolewa hukusanya nywele zake na kuzichoma au kuzifukia, ili mwenye nia mbaya asizichukue. Hata hapa seminarini, tunaponyoana siku ya Jumamosi, wapo wanaoangalia nywele zao zinapelekwa wapi. Hofu hii inaonekana ndogo, lakini ina ndugu yake mkubwa aliyekwisha kumwaga damu. Kwa hiyo tumeona vema tueleze unywele ni kitu gani hasa.

Tuanze na harufu. Nywele zikiungua kila mtu hujua. Choma ukucha, kwato ya mbuzi, kipande cha pembe au uzi wa sufu, utapata harufu ya namna hiyohiyo. Sababu ni kwamba vyote vimejengwa kwa protini za jamii moja ziitwazo keratini. Keratini ya nywele ina salfa nyingi, na ndiyo tunayoinusa. Salfa hiyo hufunga nyuzi za keratini moja kwa nyingine, kama misumari inavyoshika mbao. Ndiyo maana unywele ni imara, na ndiyo maana dawa za kulainisha nywele saluni ni kali: hazina budi kuvunja vifungo hivyo.

Unywele hutengenezwa chini ya ngozi, katika kifuko kidogo chenye seli hai. Seli hizo hugawanyika, hujijaza keratini, kisha hufa huku zikisukumwa juu na seli changa. Unywele tunaouona umekwisha kufa, hivyo kinyozi hukata wala hatuumii. Nywele za kichwani hurefuka kama sentimita 1 kwa mwezi. Umbo la kifuko nalo lina kazi yake: kikiwa kimepinda, unywele hutoka umejisokota; kikiwa kimenyooka, nao hunyooka.

Maagizo ya kutengeneza keratini yamo katika jeni tunazorithi kwa baba na mama. Binadamu ana jeni 54 za keratini, na 17 kati yake ni za nywele na kucha. Hizo 17 ziko katika makundi mawili: kundi moja limo katika kromosomu ya 17, jingine katika kromosomu ya 12. Keratini ya kundi hili sharti iungane na ya kundi lile, zikisokotana kama kamba ya katani. Pasipo mwenzake, hakuna unywele.

Mengi ya haya yalijulikana kwa kuchunguza sufu ya kondoo. Katika miaka ya 1930, mwanasayansi William Astbury wa Leeds, mji wa viwanda vya sufu huko Uingereza, alipiga sufu na nywele za watu kwa eksirei. Aliona mpangilio wa ndani ni wa namna moja, na kwamba uzi ukivutwa mpangilio huo hubadilika. Mwaka 1951 Linus Pauling na wenzake wakaeleza umbo lenyewe: msokoto kama wa springi. Basi kati ya sufu ya kondoo wa Merino, manyoya mafupi ya kondoo wetu wa Kimasai na nywele za mwanadamu, malighafi ni ya ukoo mmoja.

Na rangi je? Rangi haitokani na keratini, bali na melanini, ambayo seli nyingine huiingiza katika unywele unapojengwa. Hapa ndipo tunapowafikia ndugu zetu wenye ualbino. Aina ya ualbino iliyo ya kawaida zaidi Afrika hutokana na mabadiliko katika jeni iitwayo OCA2, iliyoko kromosomu ya 15. Jeni za keratini hazijaguswa. Unywele wa mtu mwenye ualbino umejengwa kwa keratini ileile ya unywele wako. Kilichopungua ni melanini tu.

Hata hivyo, hapa Tanzania watu wenye ualbino wameuawa na kukatwa viungo kwa sababu wapiga ramli walidai miili yao huleta utajiri. Kando ya Ziwa Victoria kumekuwa na imani kwamba nywele zao zikifungwa kwenye nyavu huvuta samaki. Keratini haivuti samaki wala fedha.

Katika falsafa, Aristotle anatufundisha kutofautisha kiini cha kitu na sifa zinazoambatana nacho. Rangi ya nywele ni sifa. Utu ni kiini. Anayemfanya mwenzake kuwa dawa kwa sababu ya rangi ya nywele amekosea katika kufikiri kabla ya kukosea katika kutenda.

Pengine mtu atauliza: mbona Kanisa nalo hutumia sufu, katika palio wanayovaa maaskofu wakuu wa majimbo makuu? Ndiyo, lakini hakuna anayefundisha kwamba uzi ule una nguvu ndani yake. Ni ishara ya mchungaji anayembeba kondoo mabegani. Ishara hutuelekeza kwa Mungu na kwa kundi lake. Uchawi humgeuza mtu kuwa kitu.

Basi tufanye nini? Katika jumuiya ndogondogo, mtoto mwenye ualbino akizaliwa, tusimlaumu mama: wazazi wote wawili walibeba jeni hiyo, mara nyingi bila kujua, na kwa kila mimba uwezekano ni 1 kati ya 4. Tumsaidie mtoto apate kofia, nguo za mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, maana melanini ndiyo kinga ya ngozi. Na tukisikia maneno ya nywele na utajiri, tusicheke wala tusinyamaze. Tuseme ukweli.

Injili inatuambia kwamba Baba anaijua idadi ya nywele zetu. Anazijua kwa sababu anampenda mwenye nazo.