Mwanafunzi wa miaka 29

Msikilizaji, mchezo wa televisheni uitwao Beverly Hills, 90210 ulipoanza kuonyeshwa Marekani Oktoba 1990, mwanafunzi wa sekondari aliyeitwa Andrea aliigizwa na Gabrielle Carteris. Mama huyo alikuwa na umri wa miaka 29. Luke Perry, aliyekuwa kijana Dylan, alikaribia kutimiza 24. Mchezo huo ulidumu hadi mwaka 2000, ukauzwa nchi nyingi, na watu ambao hawajapata kukanyaga Marekani wakajifunza humo kijana wa kule yukoje: sura ya mtu mzima, gari lake mwenyewe, na mchumba mpya kila juma.

Kutumia watu wazima kuna sababu yake. Sheria za California huweka kikomo cha saa ambazo mtoto anaweza kufanya kazi kwa siku, tena lazima awe na mwalimu hapo kazini. Mtu mzima hana masharti hayo, hupigwa picha hata usiku wa manane. Mtazamaji wa mbali haioni sheria hiyo. Anachoona ni mtoto wa miaka 16 mwenye kifua cha mpiga ngumi na ulimi wa wakili.

Halafu kuna fedha. Kampuni hutegemea soko la nyumbani kurudisha sehemu kubwa ya gharama, kisha huuza mchezo uleule nje kwa bei ya kila soko. Kituo kidogo hupata saa nzima ya vijana wa Kimarekani kwa fedha isiyotosha kutengeneza mchezo wake chenyewe. Na kinachouzika ni vituko. Kijana anayepanda basi la njano la shule, jioni akakaange chipsi apate fedha ya matumizi, usiku afanye hesabu, nani atakaa kumtazama? Nao wako tele.

CDC, taasisi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia udhibiti wa magonjwa, huwauliza wanafunzi wa sekondari kuhusu mwenendo wao kila baada ya miaka miwili. Mwaka 1991, asilimia 54 walisema wamewahi kufanya ngono. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 38. Mwaka huohuo ndipo ulipoanza mchezo wa Euphoria, ambao ukilinganishwa nao, ule wa Beverly Hills ni kama kipindi cha watoto.

Nayasema haya kwa sababu ya baba mmoja aliyenijia na fomu mkononi. Binti yake alikuwa amepata nafasi ya kusoma Marekani mwaka mmoja, akae na familia ya huko, naye baba hataki kutia sahihi. "Ndugu mtangazaji, watoto wa kule nimewaona," akaniambia. Nikamwuliza amewaona wapi. Akacheka kidogo, akanyamaza.

Nilimshauri aiandikie familia hiyo, aulize binti atatakiwa kuwa nyumbani saa ngapi usiku, na nani huosha vyombo.