Gari Jipya la Dizeli: Mambo ya Kujua Kabla ya Kuliagiza

Ndugu Wanachama,

Katika Mkutano Mkuu ujao wa Chama chetu, jambo kubwa litakaloletwa mbele yenu ni ununuzi wa gari jipya la mizigo, yaani pikapu ya dizeli, kwa fedha za mfuko wa Chama. Fedha hizo ni zenu. Zimekusanywa kidogo kidogo katika karafuu za kila mmoja wetu, na nyingine zimetoka kwa wajane na wazee ambao mikarafuu yao haizidi kumi. Kwa hivyo haifai mwanachama aje mkutanoni anyanyue mkono kwa jambo asilolifahamu. Makala haya yameandikwa ili kila mmoja aje akijua anachokikubali au anachokikataa.

KWA NINI TWATAKA GARI

Kila mkulima wa Pemba ajua kwamba karafuu haingoji. Karafuu mbichi zikishachumwa na kuchambuliwa makonyo, sharti zianikwe upesi. Zikilala ndani ya gunia hupata joto na kubadilika rangi, na hata zikikauka hazina tena sura ya karafuu njema. Na zilizokwisha kauka zikinyeshewa njiani, kazi yote ya jamvini imepotea. Shirika la ZSTC hununua kwa madaraja. Kilo ya daraja la tatu hailipwi sawa na kilo ya daraja la kwanza, ijapokuwa mchumaji aliyepanda mti ni yule yule na khatari ya kuanguka ni ile ile.

Wenzetu wanaokaa karibu na barabara ya lami hawaioni sana tabu hii. Walio ndani, mabondeni na nyuma ya vilima, ndio wanaopata khasara. Hubeba magunia kichwani au kwa gari la ng'ombe mpaka barabarani, kisha hungoja gari la kukodi, na wingu likitanda nauli hupanda. Gari la Chama ni kwa ajili ya hao kwanza. Tukiagiza gari lisiloweza kuwafikia, au lenye gharama zisizochukulika, tutakuwa tumewatoza fedha zao kwa kitu kisichowafaa.

DIZELI NA PETROLI

Wengi wameuliza kwa nini iwe dizeli. Jibu ni katika namna injini inavyofanya kazi. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Huvuta hewa, huibana kwa nguvu mpaka ikawa ya moto sana, ndipo mafuta yanaporushwa ndani yakawaka yenyewe. Aliyeibuni ni Mjerumani Rudolf Diesel, na injini yake iliyofanikiwa ilijaribiwa mjini Augsburg mwaka 1897. Kule kuibana hewa sana ndiko kunakoifanya itoe kazi nyingi kwa mafuta machache. Tena lita moja ya dizeli ina nguvu zaidi ya lita moja ya petroli, kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi.

Lakini tusidhani kwamba dizeli ni rakhisi kwa sababu ya jina lake. Mamlaka ya ZURA hutangaza bei za mafuta kila mwezi, na si lazima dizeli iwe chini ya petroli. Faida tuitakayo ni ya lita chache, wala si ya bei ya lita.

HESABU YA LITA KWA GUNIA

Wauzaji wa magari hupenda kusema gari lao lala lita kadha kwa kilomita 100. Hesabu hiyo hutoka katika vipimo vya kiwandani, gari likizungushwa juu ya magurudumu ya chuma, pasipo vilima wala matope. Ulaya wenyewe walipoona kipimo chao cha zamani kimezidi kuwapendelea watengenezaji, walianza mwaka 2017 kutumia kipimo kingine kiitwacho WLTP. Basi akiletwa mtu na hesabu ya kitabuni, aulizwe ni ya kipimo gani, na gari lilikuwa na mzigo gani.

Sisi hatuchukui kilomita, twachukua magunia. Kwa hivyo hesabu itufaayo ni lita kwa gunia. Natoa mfano. Tuseme safari ya kwenda shambani na kurudi kituoni ni kilomita 40. Pikapu ya dizeli, kwa njia zetu, tuiwekee lita 9 kwa kilomita 100. Gari la petroli tuliwekee lita 14. Gunia liwe la kilo 50, na mzigo uliojaa uwe magunia 20, yaani tani moja.

Dizeli, magunia 20: lita 3.6 kwa safari, au lita 0.18 kwa gunia.
Petroli, magunia 20: lita 5.6 kwa safari, au lita 0.28 kwa gunia.
Dizeli, magunia 5: lita 3.6 kwa safari, au lita 0.72 kwa gunia.

Gari likiwa jepesi litakula kidogo zaidi ya hapo chini, lakini tofauti hiyo haibadili jambo. Tazameni mstari wa tatu. Gari jipya la dizeli lililochukua magunia matano limetumia kwa kila gunia mara mbili na nusu ya gari la petroli lililojaa. Gari lisilokula mafuta si lile linalokwenda mbali kwa lita moja, bali ni lile linalofikisha magunia mengi kwa lita moja. Faida ya dizeli ipo, tena kwa mwendo wa kilomita 12,000 kwa mwaka ni lita 600 katika mfano wetu. Lakini faida hiyo yaweza kuliwa yote na safari zisizo na mpango.

Maana yake ni kwamba pamoja na gari yatupasa kuwa na ratiba. Kila tawi liwe na siku yake, wanachama wa njia moja wakusanye mzigo wao mahali pamoja, na gari linapokwenda lisiende tupu, bali lichukue miche, majamvi na magunia matupu. Asiyeikubali ratiba asilikubali gari.

GARI LA NAMNA GANI

Injini kubwa siyo lazima iwe na nguvu zaidi. Toyota Land Cruiser ya shamba yenye injini ya zamani ya lita 4.2 isiyo na tabo hutoa nguvu za farasi zipatazo 130. Isuzu D-MAX yenye injini ya lita 1.9 na Toyota Hilux ya lita 2.4, zote zenye tabo, hutoa nguvu zipatazo 150. Tabo ni feni inayozungushwa na moshi unaotoka, ikaisukumia injini hewa nyingi zaidi. Basi kwa mzigo wa tani moja injini ndogo yenye tabo yatosha, na mafuta yake ni machache.

Hata hivyo injini kongwe ina sifa yake. Pampu yake ni ya chuma kitupu, na huvumilia mafuta machafu. Injini mpya hurusha mafuta kwa msukumo mkubwa sana kupitia vitundu vidogo mno, na tone la maji au chembe ya kutu huweza kuiharibu. Nasi twakaa kisiwani, hewa yetu ina unyevu, na wengi wetu huweka mafuta katika mapipa na madumu. Kwa hivyo tukiagiza injini mpya, sharti iwe na chujio litengalo maji, dereva alimwage maji hayo kwa wakati wake, na mafuta yanunuliwe kituoni, si ya dumu.

Jambo la pili ni kichujio cha masizi. Magari ya dizeli yaliyotengenezwa kwa sheria mpya za Ulaya yana kichujio hiki katika bomba la moshi, na mengi yana tangi la pili la maji ya urea. Yanataka dizeli yenye salfa kidogo sana, isiyozidi sehemu 10 katika milioni, ilhali kiwango kilichoanza kutumika katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2015 kilikuwa sehemu 50. Tena kichujio hicho hujisafisha kwa mwendo mrefu wa moto, nazo safari zetu ni fupi. Basi tuagize gari lililotengenezwa kwa nchi kama zetu, wala tusivutwe na gari la Ulaya kwa uzuri wake.

Jambo la tatu ni magurudumu. Barabarani yatosha magurudumu mawili kuvuta, lakini kwenye vilima vya udongo mwekundu wakati wa mvua za vuli, gari la namna hiyo litabaki chini. Tuchague linalovuta kwa magurudumu manne pale tu dereva anapotaka, ili kwenye lami lisile mafuta bure.

Jambo la nne limezua maneno, nami nitalisema wazi. Wako wanaotaka gari la milango minne. Bodi ya nyuma ya gari la milango minne ina urefu wa kiasi cha mita 1.5, na ya milango miwili hufika kiasi cha mita 2.3. Karafuu kavu ni nyepesi kwa ukubwa wake, hujaza bodi kabla ya kujaza uzani. Kwa hivyo nafasi ndiyo mali. Kiti cha nyuma kitawafaa viongozi, mimi nikiwa mmoja wao, lakini hakitachukua gunia hata moja. Maoni ya Kamati ni milango miwili, pamoja na turubai zima na kamba.

KATIKA KUAGIZA

Usukani uwe kulia, kwani twaendesha kushoto. Magari mengi ya namna hii, ijapokuwa majina yake ni ya Kijapani, huundwa Thailand na Afrika Kusini. Hilo si kosa, lakini liulizwe ili tujue vipuri vitatoka wapi. Wakala asiyeweza kutuonyesha chujio na bleki rafuni mwake leo, hataweza kutuletea msimu wa karafuu.

Bei iandikwe ni ya kupokelea wapi. Bei ya FOB ni ya gari likiwa limepakiwa melini huko litokako. Bei ya CIF imeongezwa bima na nauli mpaka bandari ya kufikia. Ushuru wa forodha katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki huhesabiwa juu ya jumla hiyo ya gari, bima na nauli. Juu yake huja kodi ya ongezeko la thamani, gharama za bandari, usajili, bima ya barabarani, na nauli ya meli ya kulivusha mpaka Pemba. Ikiwa bei ni ya dola, yafaa tukumbuke kwamba shilingi yaweza kushuka kati ya siku ya kukubaliana na siku ya kulipa. Kamati italeta bei moja tu mkutanoni, nayo ni ya gari likiwa limesimama mbele ya ofisi yetu na nambari yake.

Fedha zilipwe kwa akaunti ya kampuni yenyewe, kamwe si ya mtu. Sehemu kubwa ilipwe kwa dhamana ya benki, ambayo muuzaji hapati fedha mpaka awe amewasilisha hati ya shehena na karatasi nyingine zilizotajwa. Siku ya kupokea, watu watatu waliochaguliwa na mkutano walinganishe nambari ya chasisi na ya injini na zilizo katika karatasi, wahesabu tairi la akiba, jeki, zana na ufunguo wa pili, na watazame chini ya gari kama limepakwa dawa ya kuzuia kutu. Kisha ndipo watie saini.

BAADA YA KUPOKEA

Gari litakuwa na daftari lake. Kila safari itaandikwa kilomita, lita, na magunia, na kila mwezi nitaitoa hesabu ya lita kwa gunia katika gazeti hili. Mali bila daftari hupotea bila khabari. Ikiwa hesabu yapanda, ama gari laumwa, ama dereva apita njia isiyo yetu, ama ratiba haifuatwi, nasi tutajua mapema.

Sasa naomba jambo moja. Kabla ya mkutano, kila tawi liniletee kwa maandishi idadi ya magunia ya msimu uliopita, umbali wa kila kikundi cha mashamba mpaka kituo cha kuuzia, na njia zisizopitika mvua ikinyesha. Bila ya hesabu hizo hatuwezi kujua kama gari moja latosha, wala kama ratiba yawezekana. Karatasi ziwafikie makatibu wa matawi juma moja kabla ya mkutano, na walio mbali wasisubiri kuja kuchukuliwa khabari zao, bali wazilete, kwani gari hili laagizwa kwa ajili yao.

Wenu mtiifu,
Katibu wa Chama