Je, Wajua? Kura za Ng'ambo ya Kisiwa

Je, wajua kwamba Wamombasa wengi hawalali kisiwani? Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti nzima. Mvita, eneobunge pekee la kisiwani, ilikuwa na 154,171. Waliobaki, zaidi ya milioni moja, wako ng'ambo: Likoni upande wa kusini, Changamwe na Jomvu magharibi, Kisauni na Nyali kaskazini. Anayeutaka ugavana na kampeni zake ziishie Makadara, kisiwani, basi hesabu imemshinda mapema.

Je, wajua kwamba kabla ya uchaguzi wa 2013 Mombasa ilikuwa na maeneobunge manne tu? Yalikuwa Mvita, Likoni, Kisauni na Changamwe. Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilipochora mipaka mipya mwaka 2012, Nyali ikatoka ubavuni mwa Kisauni, na Jomvu ikamegwa kutoka Changamwe. Kisauni ya zamani ilikuwa imefura. Kwa sensa ya 2009, sehemu zilizokuja kuitwa Kisauni na Nyali zilikuwa na zaidi ya watu 380,000 kwa pamoja, wakati wastani wa eneobunge moja kwa mgawo mpya wa maeneobunge 290 ulikuwa 133,138. Wote hao walikuwa na mbunge mmoja, na nambari moja ya simu ya kupiga bomba la maji likikauka.

Je, wajua kwamba katika wadi 30 za Mombasa iko moja iitwayo Shika Adabu? Iko Likoni, pamoja na Mtongwe, Bofu, Timbwani na Likoni yenyewe. Nyali nayo ina Ziwa la Ng'ombe, na ina Frere Town, kijiji cha wamishonari cha mwaka 1875 walikokaa watumwa waliokombolewa. Changamwe ina wadi ya Airport, jina lisilohitaji maelezo. Ila hiyo Shika Adabu, msimu wa kampeni ukifika na vipaza sauti vikaanza kutukanana, naona ingebandikwa kwenye kila jukwaa nchini.

Je, wajua kwamba mwaka 1957 Waafrika wa Pwani nzima, kutoka Vanga hadi Lamu na bara yake, walikuwa na mjumbe mmoja tu wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria? Alikuwa Ronald Ngala, mmoja wa Waafrika wanane waliochaguliwa nchini Machi mwaka huo. Na kura zenyewe hazikulingana. Mwafrika aliyetimiza masharti zaidi ya elimu, mali au utumishi aliweza kupewa hadi kura tatu, na jirani yake asiyekuwa na kitu asipate hata moja.

Mwaka 1988 mambo yaligeuka kivingine. Ule ulikuwa mwaka wa mlolongo: kwenye mchujo wa KANU, wapigakura walipanga foleni nyuma ya wakala au picha ya mtu wao, mchana kweupe, chifu akitazama. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa ameshapita, hakuna kura ya siri tena. Mwenye nyumba wako akisimama foleni ile, wewe mpangaji ungesimama ipi?

Je, wajua kwamba kamati ya Bunge iliyochunguza ghasia za kikabila za 1992 iliongozwa na mbunge wa Changamwe? Alikuwa Kennedy Kiliku, na hadi leo ripoti ile hutajwa kwa jina lake.

Miaka mitano baadaye moto ukawaka nyumbani. Usiku wa Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kubeba bunduki. Maelfu ya wakazi wenye asili ya bara walikimbia. Wengine walivuka feri na godoro kichwani. Desemba ilipofika na uchaguzi, kadi ya kura ilikuwa bado imemfunga mtu kwenye kituo alichojiandikishia, yaani palepale alipopakimbia. Likoni ilimchagua Suleiman Shakombo, na katika wabunge 210 waliochaguliwa nchini, ni yeye peke yake aliyeingia kwa tiketi ya Shirikisho Party of Kenya. Mwaka 2002 alirudi bungeni akiwa na NARC. Ghasia zenyewe zilichunguzwa na tume ya Jaji Akilano Akiwumi.

Je, wajua kwamba Hassan Joho alianza kwa kushindwa Kisauni? Emmanuel Karisa Maitha, mbunge wa huko na waziri aliyejulikana kwa jina la Mugogo, alifariki Ujerumani Agosti 2004. Katika uchaguzi mdogo wa Desemba, kiti kilikwenda kwa Anania Mwaboza. Joho alirudi 2007 akakichukua, na kutoka hapo akawa gavana wa kwanza wa Mombasa. Tangu aondoke, wana Kisauni hawana subira: Rashid Bedzimba 2013, Ali Mbogo 2017, kisha Bedzimba tena 2022. Changamwe ndiyo haina papara. Omar Mwinyi imemrudisha mara tatu mfululizo.

Nyali nayo? Mwaka 2017 ilimchagua mwanahabari Mohammed Ali, yule wa kipindi cha Jicho Pevu, akiwa mgombea huru baada ya kukosana na ODM kwenye mchujo. Katiba humtaka mgombea huru wa ubunge aungwe mkono na wapigakura wasiopungua 1,000 wa eneobunge hilohilo. Likoni mwaka uleule ilimchagua Mishi Mboko, aliyekuwa Mwakilishi wa Kike wa kaunti, akimng'oa Masoud Mwahima, meya wa zamani wa Mombasa. Likoni haikuwa imewahi kuwa na mbunge mwanamke.

Je, wajua kwamba 2022 Mombasa ilipiga kura mara mbili katika mwezi mmoja? Karatasi za ugavana zilipatikana na dosari, na kura hiyo ikahamishwa kutoka Agosti 9, ikaahirishwa tena, hadi Agosti 29. Abdulswamad Nassir alipata 119,083, Hassan Omar 98,105. Kura ya mbunge ilikuwa imeshapigwa, karatasi yake ikatumbukizwa kwenye sanduku la mfuniko wa kijani. Matokeo ya kila kituo huandikwa kwenye Fomu 35A, na nakala hubandikwa mlangoni. Ukipita jioni utawakuta vijana wameizunguka, mmoja anasoma, mwingine anapiga picha, wa tatu anabishana na tarakimu. Walinzi bora wa kura ni hao.

Sasa lile linaloniudhi. Gawanya Wakenya 47,564,296 wa sensa ya 2019 kwa maeneobunge 290, unapata watu 164,015 kila moja. Katiba inaruhusu eneobunge la jiji lizidi au lipungue kiwango hicho kwa asilimia 40, basi, yaani mwisho ni kama watu 229,600. Sensa huhesabu kwa kaunti ndogo, ambazo Mombasa zina majina yale yale ya maeneobunge. Kisauni: 291,930. Likoni: 250,358. Zote mbili zimevuka mpaka. Changamwe ina 131,882, chini ya wastani lakini ndani ya sheria. Kwa hiyo mbunge mmoja wa Kisauni anabeba watu zaidi ya mara mbili ya wale wa mwenzake wa Changamwe, ilhali bungeni kila mmoja ana kura moja.

Nenda Lamu Mashariki uone zaidi. Watu 22,258, na mbunge wao mmoja. Kisauni ni kubwa kwao mara 13, lakini sheria ya 2015 ya CDF, mfuko wa maendeleo wa maeneobunge, iliagiza fungu la kila eneobunge liwe sawa. Siku ya fomu za basari utaelewa maana yake: mzazi wa Mtopanga, Kisauni, amesimama na barua ya chifu na bili ya shule, na foleni mbele yake haina mwisho. Sina neno na watu wa Faza, huko Lamu Mashariki. Kisiwa chao kinahitaji kila shilingi. Lakini mtoto wa Junda, Kisauni, naye ana karo.

Je, wajua kwamba mipaka ya maeneobunge ilipaswa kupitiwa upya kufikia Machi 2024? Katiba inataka kazi hiyo ifanywe kila baada ya miaka minane hadi 12. Muda ulipita huku IEBC ikiwa haina makamishna, kwani wa mwisho waliondoka mapema 2023 na wapya wakaapishwa Julai 2025. Isitoshe, idadi ya 290 imeandikwa ndani ya Katiba. Ukitaka kuikata Kisauni tena, lazima mahali pengine nchini paungwe, na sijamsikia mbunge akijitolea kiti chake kiunganishwe na cha jirani.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Kama ulijiandikisha Mtongwe na siku hizi unapanga Utange, kule Kisauni, jina lako bado liko Mtongwe. Chukua kitambulisho, nenda ofisi ya IEBC ya eneobunge unakoishi, uombe kuhamishiwa. Ni bure.