Hoteli Mtaani: Kibali Kwanza, Msingi Baadaye

Tabora ni mji uliozoea wageni. Kabla ya reli, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipumzika hapa Unyanyembe. Wapagazi walitua mizigo yao, wakala, wakalala, wakasikiliza habari za njia iliyokuwa mbele yao. Mwaka 1872 Livingstone alikaa miezi kadhaa Kwihara, katika tembe ambalo leo ni makumbusho. Reli ya Wajerumani ilifika hapa mwaka 1912. Na Januari 1958 wajumbe wa TANU walikusanyika Tabora kutoka kila pembe ya Tanganyika, wakakata shauri la kuingia katika uchaguzi wa kura tatu, uamuzi ulioitwa baadaye Uamuzi wa Busara. Nani basi awezaye kusema kwamba kumlaza mgeni ni jambo geni kwa watu wa Tabora?

Wageni zaidi wanatazamiwa. Desemba 2021 ulitiwa sahihi mkataba wa kujenga reli ya kisasa kutoka Makutupora hadi Tabora, na mwaka 2022 ikafuata mikataba ya kutoka Tabora kwenda Isaka na kwenda Kigoma. Kwa hiyo mwenye kiwanja Isevya, Cheyo au Ng'ambo hukaa akapiga hesabu: je, nisijenge hoteli ndogo? Nia hiyo ni njema, nasi twaiunga mkono. Mfanyakazi aliyestaafu, akitia kiinua mgongo chake katika vyumba kumi vya kulala wageni, hujipatia riziki bila kumnyonya mtu, na huwapa kazi vijana wa jirani.

Lakini yatupasa kusema wazi: kiwanja cha makazi si kiwanja cha hoteli. Sheria ya Mipangomiji Na. 8 ya 2007 haimruhusu mtu kuendeleza ardhi katika eneo la mpango bila idhini ya mamlaka ya mipangomiji. Na kugeuza nyumba ya kuishi kuwa nyumba ya wageni ni kubadili matumizi ya ardhi, hata kama hakuna tofali hata moja lililoongezwa. Nayo hati ya kiwanja hutaja matumizi yake. Asiyeisoma hati yake hujenga juu ya ardhi asiyoijua masharti yake.

Wako wanaonung'unika kwamba huku ni kuwasumbua wananchi wadogo. Sivyo. Nyumba ya watu sita hutoa maji machafu ya watu sita; hoteli ya vyumba kumi hutoa mara kadhaa ya hayo, na shimo lisilotosha hufurikia uani kwa jirani. Magari huja usiku. Baa ikifunguliwa mbele, muziki haumwachi mtoto asome, wala mfanyakazi wa zamu apate usingizi. Mpango wa mji ni mapatano ya watu wanaoishi pamoja, na mapatano hayavunjwi na mmoja peke yake.

Njia iliyo sawa yajulikana. Mwombaji aanze katika ofisi ya mipangomiji ya manispaa, aulize kiwanja chake kimepangiwa nini. Aombe kwa maandishi mabadiliko ya matumizi. Majirani wajulishwe, na maoni yao yapimwe katika vikao vinavyohusika. Idhini ikipatikana, ndipo ramani ya jengo ipelekwe kuombewa kibali cha ujenzi, na ndipo msingi uchimbwe. Wengi hupindua mpango huu: huchimba kwanza, huezeka, kisha hutafuta karatasi. Hao ndio waamkao siku moja wakakuta alama nyekundu ya X ukutani, na akiba ya maisha yao yote imesimama juu ya neno la mkaguzi.

Hapa ndipo njia ya panya huanzia. Zamani za misafara, hongo lilikuwa jina la ushuru aliotozwa mwenye msafara na mtawala wa nchi, hasa katika Ugogo, ili aruhusiwe kupita. Ulikuwa mzito, na ulibishaniwa sana, lakini ulijulikana: vitambaa na shanga vilihesabiwa mbele ya watu. Leo neno hilo hilo ni jina la fedha itolewayo gizani ili sheria ifumbe macho. Kibali kilichonunuliwa hivyo hakimlindi aliyekinunua, kwani aliyekiuza hatakuja kusimama naye siku ya kubomolewa. Ada halali ina stakabadhi, hongo haina.

Twasema basi maneno matatu. Kwa mjenzi: usichimbe kabla ya kuuliza. Kwa majirani: nendeni kwenye mkutano wa mtaa, mseme mnayoyapinga na sababu zake, hofu ya maji machafu ni sababu, husuda ya mwenzako kupata si sababu. Na kwa maofisa wa ardhi na mipango: ombi la mwananchi lijibiwe kwa maandishi na kwa wakati, likubaliwe au likataliwe, na sababu zitajwe. Faili likilala mezani miezi na miezi, mwombaji mwaminifu ndiye aumiaye, na yule aliyejenga usiku huonekana kuwa ndiye mwenye akili.

Wanachama wenzetu wanaokaa katika kamati na mabaraza wana wajibu wa pekee. Wao ndio walioomba kura za mtaa, na faili hupita mikononi mwao. Ombi la mwenye vyumba kumi lipewe haki sawa na ombi la mwenye ghorofa kumi, na kilio cha jirani maskini kisikilizwe sawa na cha jirani mwenye gari. Tabora iwakaribishe wageni wake, bila kuwahamisha wenyeji katika usingizi wao.