Masika na Kipupwe Visiwafungie Wazee Wetu Ndani

Kila mwaka, mvua za masika zinapoanza kunyesha Unguja na Pemba, hutokea katika majumba yetu jambo ambalo halitangazwi wala halitiwi katika hesabu ya hasara za msimu. Barabara ikikatika hutajwa, nyumba ikianguka hutajwa, muhogo ukioza ardhini hutajwa. Hakuna atajaye kwamba wazee wetu wamekoma kutembea. Njia ya msikitini imekuwa tope, njia ya shamba imezibwa na majani, na baraza imelowa. Mzee ambaye wakati wa kaskazi alikwenda kwa miguu asubuhi na jioni, sasa hutoka kitandani hadi kitini, na kitini hadi kitandani. Masika hayajamalizika vyema, mara huingia kipupwe na upepo wa kusi, naye huambiwa ajifunike asije akapata baridi. Hivyo, kuanzia Machi hadi Agosti, karibu nusu mwaka hupita mwili wake ukiwa haukupata kazi yoyote ya maana.

Katika mila zetu, kumpumzisha mzee ni heshima. Mjukuu humpokea bibi yake ndoo ya maji, mkaza mwana humpokonya ufagio, na mtoto humwambia baba yake, "Wewe umeshafanya kazi yako, kaa kitako sasa." Maneno hayo ni mazuri na nia yake ni njema. Hata hivyo, hatuna budi kusema waziwazi kwamba heshima ya namna hiyo, ikipita kipimo, humdhuru yule yule anayekusudiwa kutunzwa.

Ushahidi wa jambo hili si wa kubahatisha. Mwaka 1966, katika mji wa Dallas nchini Marekani, wataalamu waliwalaza kitandani kwa wiki tatu vijana watano wenye afya, waliokuwa na umri wa miaka 20, kisha wakapima uwezo wa miili yao kustahimili kazi nzito. Mwaka 1996 watu wale wale watano walipimwa tena, wakiwa na umri wa miaka 50. Ikadhihirika kwamba zile wiki tatu za kulala zilikuwa zimewapunguzia uwezo huo zaidi kuliko miaka 30 yote ya kuzeeka. Tena, walipofanya mazoezi ya taratibu kwa miezi sita, walirejea katika kiwango walichokuwa nacho ujanani kabla ya kulazwa.

Ni kweli kwamba kukaa kitini si sawa na kulala, na kwamba watu watano si wengi. Lakini msomaji na ajiulize: ikiwa wiki tatu zilimdhoofisha hivyo kijana wa miaka 20, miezi mitano au sita itamfanyaje mzee wa miaka 70?

Wako watakaojibu kwamba haya yanawafaa watu wa makamo, na kwamba mtu akishakuwa mkongwe hakuna tena la kufanya. Jibu lake lilipatikana mwaka 1990, ilipotangazwa habari ya wakongwe kumi wa nyumba moja ya wazee mjini Boston, huko huko Marekani, ambao umri wao ulikaribia miaka 90. Kwa muda wa wiki nane walifundishwa kuinua uzito kwa miguu, wakisimamiwa kwa uangalifu. Waliomaliza mazoezi hayo nguvu za miguu yao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, yaani zilikaribia kuwa mara tatu ya zile za mwanzo. Basi misuli ya mzee haijafa. Imelala kwa kukosa wa kuiamsha.

Yafaa tueleze kwa ufupi ni kitu gani hasa kinachopotea. Tangu mtu apite miaka 30, misuli yake huanza kupungua kidogo kidogo, na baada ya miaka 60 upungufu huo huenda kwa kasi zaidi. Mifupa nayo hupungua ugumu, hasa kwa akina mama waliokwisha koma hedhi. Pamoja na hayo, ule uwezo wa mwili kujizuia unapoteleza hufifia. Mambo haya matatu yakikutana na sakafu yenye maji, matokeo yake ni kuanguka, na mara nyingi ni kuvunjika nyonga. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka ulimwenguni kwa sababu ya kuanguka, na kwamba vifo vilivyo vingi zaidi huwapata wenye umri uliozidi miaka 60. Mwenye kisukari au shinikizo la damu hupata hasara nyingine tena, kwa kuwa maradhi hayo yote mawili huzidi makali kwa mtu asiyejishughulisha.

Hapa Zanzibar hatuwezi kusema kwamba habari ya mazoezi ni ngeni. Kila tarehe 1 Januari vikundi vya mazoezi hukusanyika kwa siku ya mazoezi ya viungo kitaifa, na viongozi hutembea pamoja na wananchi. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini Januari ni kaskazi. Anga ni jeupe na njia ni kavu. Mtihani wa kweli huja mwezi wa Mei, wakati hakuna gwaride wala ngoma, na mzee yuko peke yake chumbani akisikiliza mvua juu ya bati. Mwili hauhifadhi mazoezi ya Januari ili uyatumie Juni, kama vile tumbo lisivyohifadhi futari ya Ramadhani iliyopita.

Yapo mengi yanayoweza kufanywa ndani ya nyumba, bila chombo chochote cha kununua. La kwanza ni kuinuka kitini na kukaa tena, bila kujisukuma kwa mikono, mara kumi, kisha kupumzika na kurudia. La pili ni kusimama nyuma ya kiti kizito, kukishika, na kujiinua juu ya vidole vya miguu, kisha kushuka polepole. La tatu ni kusimama kwa mguu mmoja, mkono ukiwa karibu na ukuta, kwa kadiri ya kuhesabu hadi kumi, kisha kubadilisha mguu. La nne ni kutembea ukumbini huku na huku, au kupanda na kushuka vidaraja vya mlangoni kama ni vikavu. Anayesali kwa kurukuu na kusujudu tayari anayo sehemu ya mazoezi hayo. Asikimbilie kusali kitini ikiwa viungo vyake bado vinamruhusu.

Kipimo kinachotolewa na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2020 ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya kiasi, mfano wa kutembea kwa haraka. Hizo dakika 150 ni sawa na nusu saa kwa siku tano. Kwa waliofikia miaka 65 yanaongezwa mazoezi ya nguvu na ya kujizuia usianguke, angalau siku tatu kwa wiki. Asiyeweza kufikia hapo na afanye analoliweza, kwani kidogo ni bora kuliko kukosa kabisa.

Tahadhari nazo zizingatiwe. Wakati wa kipupwe mzee aanze polepole, avae nguo ya kumtia joto, na asitoke alfajiri wakati upepo ni mkali. Anywe maji hata kama hasikii kiu, kwa sababu kiu ya mzee ni hafifu, na baridi huipunguza zaidi. Avae makubadhi yaliyokamata mguu, si kandambili zilizolika. Na yeyote atakayesikia maumivu ya kifua, kizunguzungu au kukatika pumzi kusiko kwa kawaida, aache mara moja na kwenda kumwona daktari. Mwenye maradhi ya moyo aulize kabla ya kuanza.

Kwa upande wa Serikali, hatudai makubwa. Tangu Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar imekuwa ikiwalipa pensheni ya kila mwezi wazee waliotimiza miaka 70, hata wale ambao hawakupata kuajiriwa, na inazo nyumba za wazee za Sebleni na Welezo kwa Unguja, na Limbani kwa Pemba. Hiyo ni fahari ya visiwa hivi. Lakini fedha hununua mchele na dawa. Haziwezi kununua miguu. Pensheni ingemfaa mzee zaidi lau angekuwa na nguvu za kuifuata mwenyewe na kuitumia apendavyo.

Kwa hiyo twawaomba wahusika wayatazame mambo manne kabla ya mvua za masika. Masheha wakubaliane na walimu wakuu ili madarasa au kumbi zilizoezekwa zitumike jioni, mara tatu kwa wiki, kwa mazoezi ya wazee, wanaume kwa wakati wao na wanawake kwa wakati wao. Wahudumu wa afya wa jamii, ambao tayari huingia majumbani, wafundishwe mazoezi tuliyoyataja ili wawaoneshe wazee na jamaa zao. Halmashauri zitie kifusi na kokoto katika vijia viendavyo misikitini, madukani na vituo vya afya, hasa Pemba ambako vilima ni vingi na mvua ni nyingi zaidi. Na katika majumba ya ghorofa kama ya Michenzani, ambamo mzee hushuka ngazi nyingi ili afike chini, vishikio viwe imara na taa ziwe zinawaka.

Gharama ya mambo hayo ni ndogo, tukiilinganisha na ya mgonjwa mmoja aliyevunjika nyonga, akalala wodini wiki nyingi, na nyumba nzima ikaacha kazi ili kumhudumia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Na ninyi jamaa wa nyumbani, mwachieni mzee ufagio wake. Mwacheni achume mchicha wake uani, apete mchele wake, na mjukuu amshike mkono waende msikitini mvua ikipusa. Kumheshimu mzee ni kumwezesha kusimama kwa miguu yake mwenyewe kwa kadiri Mwenyezi Mungu atakavyomjaalia.