Uganga wa Risasi, wa Marekani na wa Kwetu

Serikali ya Marekani ina desturi ya kuwapa tahadhari raia wake wanaotaka kusafiri ughaibuni. Huwaambia ni wapi pana malaria, ni wapi pana vibaka, na ni wapi haifai kutembea usiku. Nchi yetu nayo imo katika daftari hilo. Sisi hatuna kinyongo na tahadhari hizo, kwani mwenye mali hana budi kuilinda mali yake. Ila tunajiuliza jambo moja. Raia huyo akiisha kumaliza mapumziko yake Mafia, akamwona papa potwe, akala kamba wa Rufiji na kupanda ndege kurudi kwao, ni nani anayempa tahadhari ya huko anakorudi?

Swali hili si la utani mtupu. Wataalamu wa Small Arms Survey walioko Geneva walikadiria mwaka 2017 kwamba raia wa Marekani walikuwa na bunduki zipatazo milioni 393, yaani bunduki 120 kwa kila watu 100. Maana yake ni kwamba kila mtoto mchanga alalaye kifuani mwa mama yake angegawiwa bunduki yake moja, na nyingine zingebaki zikitafuta wa kuzishika. Serikali yao wenyewe ilihesabu watu zaidi ya 48,000 waliokufa kwa risasi mwaka 2022, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Hapakuwa na vita huko mwaka huo. Hayo yalikuwa mavuno ya mwaka wa kawaida wa amani.

Ukiwauliza sababu, watakuonyesha Katiba yao, na hasa lile rekebisho la pili la mwaka 1791 linalowapa wananchi haki ya kumiliki silaha. Hatuwadharau watu wanaoiheshimu Katiba yao. Laiti kila taifa lingefanya hivyo. Lakini bunduki ya mwaka 1791 ilishindiliwa baruti na risasi mdomoni, ikapiga mara moja, kisha mpigaji akaanza kazi upya huku adui akimsogelea. Wazee wetu wa Rufiji wanaijua bunduki ya namna hiyo. Ni gobori, ambalo mkulima alikaa nalo kwenye dungu kuwatishia nguruwe na ngedere wasimalize mpunga. Kwa gobori mtu hawezi kuua darasa zima la watoto.

Tarehe 1 Oktoba 2017, katika mji wa Las Vegas, mtu mmoja alisimama kwenye dirisha la hoteli akafyatua risasi zaidi ya 1,000 kwa muda wa dakika kama kumi, akaua watu 58 usiku ule ule. Alikuwa amezifunga bunduki zake kifaa kinachozifanya zitapike risasi kama rashasha. Serikali ya Rais Trump ilikipiga marufuku kifaa hicho. Juni 2024 Mahakama ya Juu, majaji sita dhidi ya watatu, ikaitengua marufuku hiyo. Majaji walichambua mwendo wa kifyatulio kwa michoro, kama mafundi wa cherehani, wakaona kwamba kwa mujibu wa sheria kitu hicho hakiifanyi bunduki kuwa rashasha. Marehemu hawakuwapo mahakamani kueleza waliona tofauti gani.

Kabla ya hapo, tarehe 14 Desemba 2012, watoto 20 na watu wazima sita waliuawa katika shule ya Sandy Hook. Mkuu wa chama cha wamiliki wa bunduki, NRA, alijitokeza siku chache baadaye akatoa tiba yake. Alisema kwamba mtu mbaya mwenye bunduki huzuiwa tu na mtu mwema mwenye bunduki, basi kila shule iwekewe mlinzi mwenye silaha.

Hapa ndipo msomaji wa Rufiji anapotabasamu. Sisi uganga wa risasi tunaujua. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji akawaambia kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Wajerumani walimnyonga Mohoro mwezi Agosti mwaka huo, lakini vita vya Maji Maji vikaendelea hadi 1907, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa hawana idadi iliyokamilika. Wakoloni waliandika vitabu vya kutucheka kwa ushirikina wetu. Lakini hebu tulinganishe. Kinjikitile aliwapa dawa watu waliokuwa wakichapwa viboko katika mashamba ya pamba na ambao hawakuwa na silaha ya maana. Na kwa dawa hiyo makabila yaliyokuwa hayasikilizani yakasimama pamoja. Mganga wa Marekani anawapa dawa watu ambao bunduki wanazo tayari. Anasema risasi hutibiwa kwa risasi, na mgonjwa asipopona aongezewe kipimo. Dawa ya Ngarambe ilijaribiwa, ikashindwa, ikaachwa. Hii ya Marekani hushindwa kila mara, na maduka yanayoiuza hayafungwi.

Ilishindwa mchana kweupe tarehe 24 Mei 2022 katika mji wa Uvalde, jimbo la Texas. Kijana wa miaka 18, ambaye kwa sheria za huko haruhusiwi kununua bia mpaka afikishe miaka 21, alinunua bunduki mbili kihalali, akaingia shule ya msingi na kuua wanafunzi 19 na walimu wawili. Watu wema wenye bunduki walifika. Walikuwa askari 376. Walikaa nje ya darasa dakika 77 kabla ya kuingia. Siku tatu baadaye NRA wakafanya mkutano wao mkuu Houston, katika jimbo hilo hilo. Bwana Trump alipokwenda kuhutubia, walinzi wake walipiga marufuku bunduki ukumbini. Kumbe ulinzi bora wa kiongozi wa wapenda bunduki ni ukumbi usio na bunduki!

Siasa za huko juu ya jambo hili zina mwendo unaojulikana. Chama kimoja hutoa maombi na kingine hutoa ahadi, kisha wote wakaenda kutafuta kura. James Brady, msemaji wa Rais Reagan, alipigwa risasi ya kichwa mwaka 1981. Sheria yenye jina lake, ya kuwachunguza wanunuzi wa bunduki, ilipatikana mwaka 1993. Marufuku ya baadhi ya bunduki za kivita iliwekwa 1994, ikaachwa ife 2004. Marais wanne wa nchi hiyo wameuawa kwa risasi wakiwa madarakani. Julai 2024, huko Butler, risasi ilimpitia Bwana Trump sikioni, na mtu mmoja miongoni mwa wasikilizaji akauawa. Katika nchi nyingine sikio la mgombea urais lingetosha kuanzisha mjadala wa sheria. Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa; sikio lile halikufa, wala dawa halikusikia.

Basi tucheke. Lakini tukiisha kucheka tukumbuke kwamba nyani haoni kundule.

Sisi tuna sheria ngumu ya silaha, ile ya mwaka 2015. Anayetaka bunduki huanza kuomba kwa serikali ya kijiji au mtaa wake, na ombi lake hupita katika kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika kwa mwenye mamlaka ya kutoa leseni. Mwaka 2016 silaha zilihakikiwa nchi nzima, na Rais Magufuli mwenyewe alihakiki zake. Kibiti hapakuwa na duka la bunduki; wala Bungu, wala Ikwiriri. Mtu angedhani tumeokoka.

Hatukuokoka. Kati ya 2015 na 2017, katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga, wauaji wenye bunduki waliwafuata wenyeviti wa vijiji na vitongoji, watendaji na makada wa chama, wengine majumbani mwao, wakawaua. Magazeti yalihesabu watu wapatao 40. Tarehe 13 Aprili 2017, katika kijiji cha Mkengeni, askari polisi wanane waliokuwa wakirejea kutoka kazini walishambuliwa ndani ya gari lao wakauawa, na silaha zao zikachukuliwa. Maneno haya ya mwisho tuyatazame vizuri. Bunduki zile hazikutoka dukani. Zilinunuliwa kwa kodi yetu ili zitulinde, zikaingia mikononi mwa waliokuwa wakituwinda.

Watu wa delta wasingeshangaa sana. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha katika mito yao, nyuma ya mikoko, mpaka Waingereza walipoiangamiza tarehe 11 Julai 1915. Meli ilizama, lakini mizinga yake kumi haikuzama nayo. Iliopolewa, ikafungwa magurudumu, ikaenda kuua watu bara. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, hadi leo. Silaha haina uraia wala haijui kustaafu.

Mwaka huo wa 2017 pikipiki zilipigwa marufuku Kibiti, Rufiji na Mkuranga kuanzia saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi. Viongozi wa vijiji walihama makwao, na wengine hawakutaka tena hata kuitwa viongozi. Ndugu zetu wa Mafia, ambao njia yao ya bara ni kushuka Nyamisati na kupita Kibiti, waliijua hofu hiyo njiani. Serikali ilichukua hatua. Ulianzishwa mkoa wa kipolisi wa Rufiji. Mei 2017 aliteuliwa Mkuu mpya wa Jeshi la Polisi, Simon Sirro. Na Agosti akatangaza kwamba washukiwa 13 wameuawa katika mapambano na silaha zimepatikana. Mauaji yalikoma. Askari waliopoteza maisha katika kazi hiyo wanastahili heshima, na sisi tunawapa.

Lakini utulivu huo una deni. Baadhi ya familia zinasema kwamba watu wao walichukuliwa siku zile na hawakurudi. Mwandishi wa gazeti la Mwananchi, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandika habari za mauaji hayo, alitoweka Kibiti tarehe 21 Novemba 2017. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo aliiambia BBC kwamba mwandishi huyo alitoweka na kufa. Baadaye akaeleza kwamba hakueleweka. Nasi hatuelewi mpaka leo. Hatujaona taarifa kamili iliyowekwa mbele ya wananchi ikieleza wauaji walikuwa nani, walitaka nini, silaha zao zilitoka wapi, wangapi waliuawa na wangapi walikamatwa.

Hapo ndipo Marekani, pamoja na vichekesho vyake vyote, inatushinda. Kamati ya Bunge la Texas ilitoa taarifa ya Uvalde kabla ya miezi miwili kutimia, ikasema wazi askari walikosea wapi. Januari 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani ikatoa taarifa yake, mamia ya kurasa. Kila mtoto ana jina na kila dakika ina maelezo. Wenzetu wanahesabu, lakini hawatendi. Sisi tulitenda, lakini hatuhesabu.

Asidhani afisa yeyote kwamba hesabu ni anasa ya wenye nafasi. Mwanamke ambaye hajui kama mumewe yu hai au amekufa hajui kama akae eda au aendelee kusubiri. Watoto wake hawawezi kurithi shamba wala jahazi la baba ambaye hakutangazwa kufa. Na tangu 2017 Umoja wa Afrika umeutenga mwezi wa Septemba kuwa mwezi wa kusalimisha silaha haramu. Mwananchi wa Mbwera, Maparoni au Msala aliyeona bunduki imefichwa mikokoni atakwenda kusema kwa nani, kama hajui aliyesema kabla yake alifikia wapi? Amani ya kimya ni kama tope la mikokoni maji yakipwa: juu limekauka, ukilikanyaga unazama.

Wala hatuna haja ya kwenda Texas kujifunza. Mwaka 1976 watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga, wakati wa kuwasaka wauaji wa vikongwe. Serikali haikunyamaza. Maafisa walishtakiwa, na mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu ingawa yeye hakumgusa mtu. Miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi. Mzee yule alizaliwa Kivure, Mkuranga, yaani katika wilaya hizi hizi tunazozisema.

Tunachoomba basi si kigeni wala kigumu. Serikali itoe taarifa ya Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Iorodheshe waliouawa, raia na askari, kwa majina. Ieleze silaha zilizopotea na zilizopatikana. Wale waliochukuliwa, familia zao ziambiwe walipo. Na kama hawapo tena, zipewe hati zao ili wazikwe japo kwa dua. Wamarekani tutaendelea kuwacheka kila inapobidi, lakini kicheko hicho kitakuwa na haki zaidi siku tutakapokuwa tumekwisha kuwahesabu watu wetu.