Kilio huanza mfiwa

Katika matanga yetu kuna maneno yaliyokwisha kuwa desturi. Mfiwa huambiwa ajikaze, kwamba kazi ya Mungu haina makosa, na kwamba marehemu yuko mahali pema zaidi. Wasemao hayo hawana nia mbaya. Hata hivyo, aghalabu maneno hayo humfumba mfiwa kinywa kabla hajasema lake, akabaki kulia ndani kwa ndani asije akaitwa mtu haba wa imani. Ndiyo sababu napenda kuwapendekezea wasomaji kijitabu kimoja kisichofanana na vingi vya dini.

Kitabu chenyewe ni A Grief Observed, yaani huzuni iliyochunguzwa, cha C. S. Lewis. Mzaliwa huyu wa Belfast alifundisha fasihi katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge, na alisifika kuwa mtetezi hodari wa Ukristo. Mwaka 1940 alitoa kitabu kizima kueleza kwa nini Mungu mwema huruhusu maumivu. Kisha maumivu yenyewe yakabisha hodi kwake. Mkewe, Joy Davidman, mwandishi kutoka Marekani, alipatwa na saratani. Mwaka 1957 kasisi aliwaombea baraka za ndoa kando ya kitanda cha hospitali. Mama huyo akapata nafuu, maradhi yakarejea, na Julai 1960 akaaga dunia.

Lewis alishika madaftari, akaandika yaliyomo moyoni. Maandishi hayo yalipochapishwa mwaka 1961, hayakuwa na jina lake bali la kubuni, N. W. Clerk. Ni baada ya kifo chake mwaka 1963 ndipo kitabu kilipotolewa kwa jina lake halisi.

Atakayekifungua akitafuta mahubiri atashtuka. Mwandishi analalamika kwamba alipomhitaji Mungu kuliko wakati wowote, alikuta kimya. Hofu yake si kwamba ataacha kuamini kuwa Mungu yupo, bali kwamba ataanza kumwamini Mungu mkatili. Anaeleza pia jinsi watu wanavyobabaika wakutanapo naye, wasijue wamtaje marehemu au wanyamaze. Baadaye, taratibu na bila muujiza wowote, machungu yanapungua, naye anaanza kutambua kwamba Mungu aliyemjengea picha akilini si lazima awe Mungu mwenyewe. Maswali yake hayajibiwi yote. Anaendelea kuamini akiwa nayo.

Nawajua wachungaji watakaosema kwamba kitabu cha namna hii kitawatikisa walio wachanga katika imani. Hoja yao si ya kupuuzwa, kwa maana mchungaji mwema huogopea kundi lake. Lakini na tuitazame Biblia wanayoihubiri. Ayubu alilalamika mbele ya Mungu kwa sura nyingi, na mwishowe walioonywa ni rafiki zake waliomtetea Mungu kwa maneno matamu yasiyo kweli. Rafiki hao walifanya vyema siku zile 7 za mwanzo, walipoketi naye chini wakanyamaza. Zaburi nazo zimejaa vilio. Ikiwa Maandiko yameruhusu kilio, sisi ni nani hata tukikataze?

Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Imani ifichayo shaka huweza kuonekana imara Jumapili hadi Jumapili, kisha ikaporomoka siku moja kaburini. Ile iliyokwisha kulia na kuuliza, na bado ikapiga goti, ina mizizi.

Basi, mwenye msiba na akisome kitabu hiki polepole, maana ni kifupi na Kiingereza chake si kigumu. Nasi tuendao kuwafariji wafiwa tukisome kabla ya kufungua vinywa vyetu. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Tumwachie aanze.